Mama wa genge na Kant

Nimerudi nyumbani sasa hivi, hata nyanya sijazitoa mfukoni.

Wiki hii namsoma Kant, mwanafalsafa Mjerumani, kwa ajili ya mtihani. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1785 kuna mwenye duka asiyempunja hata mtoto mdogo. Kant anauliza: ni kwa sababu ya wajibu, au anaogopa kupoteza wateja? Kama ni wateja tu, tendo ni sahihi lakini halina thamani ya kimaadili.

Jioni nikapita gengeni, nikalipa, nikaondoka. Nakaribia kituo cha daladala nasikia, "Wewe wa nyanya! Simama!"

Mama wa watu anakuja mbio, kandambili mkononi. Kumbe nilimpa elfu kumi nikidhani ni elfu tano.

Akafungua pindo la kanga, akatoa noti iliyokunjwa mara nne. Bado ilikuwa na joto la mwili wake.

"Shika, mwanangu. Hela ya mtu ni ya mtu. Ningeanzaje kusali usiku?"

Ile sentensi ya hela ya mtu Kant angeipokea bila swali. Ile ya kusali ingemsumbua, maana kwake wajibu hausubiri thawabu wala adhabu ya Mungu. Akili inatosha kutufunga.

Lakini mimi nilimwona usoni. Hofu haikuwepo. Niliona mtu asiyetaka kumkosea anayempenda.

Nimeishika hiyo noti hadi sasa.

Wanafalsafa, na ninyi wenzangu wa kanisani: mngezitenganisha zile sentensi mbili? Niandikieni hapa chini, nasoma zote.