Bastola ya shemeji

Jumapili iliyopita shemeji alikuja nyumbani, akainama kumnyanyua mwanangu, shati likapanda kidogo na nikaiona. Nyeusi, ndogo, imekaa kwenye ala kiunoni upande wa kulia, kishikio tu ndo kinachungulia. Mwanangu ana miaka mitatu na alivyobebwa goti lake likawa limeegemea palepale. Niliishiwa maneno. Tulivyomaliza kula nikamwita nje nikamwambia shem, hiyo kitu humu ndani hapana, na hapo ndo tukaanza mabishano ya karibu masaa mawili na mpaka leo bado yananizunguka kichwani.

Tunaishi Texas. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 huku mtu wa miaka 21 na kuendelea, ilimradi sheria haimzuii kumiliki silaha, anatembea na bastola yake hadharani bila leseni yoyote. Hata wenye green card wanaruhusiwa kumiliki. Shemeji ni dereva wa malori, analala ndani ya lori saa nane za usiku kwenye maegesho ambayo hamjui mtu, na alishawahi kuvunjiwa kioo yeye akiwa amelala humohumo. Kwahiyo anaponiambia "wewe unalala umefunga mlango, mimi nani ananilinda?" siwezi kumjibu kirahisi.

Na tena upande wake una hoja nzito kuliko wengi wetu tunavyotaka kukubali. Huku Texas kila mtu anayetetea kubeba atakutajia mji wa Killeen. Tarehe 16 Oktoba 1991 mtu alilivurumisha gari lake kwenye dirisha la mgahawa wa Luby's akashuka akaanza kupiga risasi, akaua watu 23. Suzanna Hupp alikuwa anakula pale na wazazi wake. Akapeleka mkono kwenye pochi kutafuta bastola yake, kisha akakumbuka kaiacha kwenye gari, kwasababu sheria ya wakati ule ilikuwa inamkataza kuibeba kwa kificho. Baba yake na mama yake wote wawili waliuawa siku ile. Mwaka 1995 gavana George W. Bush alisaini sheria ya leseni za kubeba, na baadae Suzanna mwenyewe akaingia bungeni Texas. Niliposoma habari ya yule mama mara ya kwanza nililia, na kwa muda mrefu nilikuwa upande wake kabisa, kiasi kwamba mwaka jana nikaenda darasa la leseni mwenyewe. Leseni bado zipo kwa anayetaka, ila sio lazima tena.

Darasa ni masaa manne mpaka sita halafu mnaenda kulenga shabaha, risasi 50, kutoka yadi 3, yadi 7 na yadi 15, na ukipata pointi 175 kati ya 250 umefaulu. Nilifaulu. Lengo lenyewe ni karatasi haina mikono, haikimbii wala haipigi kelele, na hata hivyo zile za yadi 15 mikono ilikuwa inanitetemeka mpaka mwalimu akaniambia vuta pumzi kwanza dada. Kilichobaki na mimi lakini ni swali alilotuuliza mwishoni: umeshampiga mhalifu, umesimama na bastola mkononi, polisi ndo wanafika, wao wanaona nini?

Darasa zima kimya.

Juni 2021 huko Arvada, Colorado, mtu alimvizia askari akamuua katikati ya mji. Raia mmoja aliyekuwa na bastola yake ya kificho akatoka dukani mbio, akamtwanga yule muuaji na kumaliza kila kitu. Aliokoa watu, hilo halina ubishi. Kisha akaiokota bunduki ya muuaji, na askari mwingine alipotokea akaona mtu kashika bunduki, akampiga risasi, akafa. Mwendesha mashtaka alikataa kumshtaki yule askari. Sasa nimwambie nini shemeji? Jamaa alifanya kila kitu ambacho yeye shemeji anasema angefanya.

Halafu kuna Philando Castile, Minnesota, Julai 2016. Alikuwa na kibali chake halali. Polisi kamsimamisha barabarani, yeye kwa heshima zote akamwambia afande, nina silaha. Sekunde chache baadae akafyatuliwa risasi saba, tano zikampata, akafa, mchumba wake yuko pembeni na mtoto wa miaka minne kakaa kiti cha nyuma. Askari akaachiwa huru mahakamani mwaka 2017. Shemeji ni mweusi, ana lafudhi, na anaendesha mikoa ambayo hawajawahi kumuona. Hapa ndo ninaposhikilia mimi. Hii haki ya kubeba kwa kificho inategemea mtu mwingine mwenye silaha akusome nia yako kwa usahihi ndani ya sekunde mbili, na sio kila mtu husomwa sawa.

Wasomi wamebishana miaka mingi kama kubeba kunapunguza uhalifu au kunaongeza, jopo la watafiti la mwaka 2004 likasema ushahidi hautoshi kuamua, tafiti za baadae nyingi zimeelekea upande wa kuongeza. Sitaki kuingia huko. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo Juni 2022, majaji 6 kwa 3, iliifuta sheria ya New York iliyokuwa inakutaka ueleze sababu maalum ndo upewe kibali, kwahiyo haki yenyewe haiendi popote. Ila hata baada ya hukumu hiyo New York wakaweka masaa 16 ya darasa na mawili ya shabaha, wakati huku kwetu wamefuta hata yale manne. Mimi nataka darasa lirudi kuwa la lazima. Shemeji hajawahi kukaa hata dakika moja mbele ya mwalimu, hilo swali la polisi wanaona nini alilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwangu, tumesimama pale uani, na alinyamaza kama lile darasa.

Akaitoa akaenda kuifungia kwenye gari. Nikamwambia shem, humo nako wanaiba, si ulivunjiwa kioo? Akanionyesha kisanduku cha chuma chini ya kiti, kimefungwa kwa waya mnene kwenye chuma cha kiti. Sawa. Jumamosi ijayo nampeleka kwa yule mwalimu wangu, ada nalipa mimi, amekubali.