Mtori wa kuwashukuru mama na shangazi Desemba hii

Ndugu mnaopanda kuja Moshi kwa Krismasi, asante ya mdomo wamama wameshaisikia. Safari hii waketisheni, jiko mlishike nyinyi.

Mtori, yaani supu nzito ya ndizi na nyama, wa watu kumi: nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 1 na nusu, ndizi mshare (aina ya ndizi za kupika) mbichi 25 hivi, vitunguu viwili, maziwa fresh nusu lita, chumvi. Ndizi ziwe ngumu na kijani kabisa. Zikianza kuiva mtori unakuwa mtamu kama uji wa mtoto, na bibi atausogeza pembeni bila kusema neno.

Chemsha nyama kwanza, saa moja na nusu au zaidi, ilainike. Wakati huo pakeni mafuta mikononi (utomvu hauna huruma, na shati la sikukuu halitapona), menyeni ndizi na kuzitumbukiza kwenye maji papo hapo zisiwe nyeusi. Opoa nyama, chuja supu, pikia ndizi na vitunguu humo hadi zivurugike zenyewe.

Hapa ndipo wengi huharibu: ponda zikiwa za moto, kwa mwiko, supu nyingi ukiwa umeipunguza pembeni. Zikipoa zinabaki mabonge. Kisha rudisha supu kidogo kidogo, nyama iliyochambuliwa, na maziwa mwishoni kwa moto mdogo. Ndimu usiweke sufuriani, maziwa yatakatika. Kila mtu akamulie bakulini mwake.

Bakuli la kwanza ni la bibi. Na vyombo mwoshe nyinyi, tafadhali.