Ng'ombe aliyekufa Jumapili

Juzi usiku umeme ulikatika tukiwa mezani, binti yangu akaendelea na kazi yake ya Kiingereza kwa tochi ya simu yangu. Sentensi kumi, kila moja ina nafasi katikati, ujaze "who", "whom", "whose" au "which". Alikuwa anazipita haraka kwa sababu nilishamfundisha njia yangu ya tangu zamani: usikimbilie Kiingereza, sema kwanza kwa Kiswahili, kisha tazama nani anatenda. "Mwalimu aliyeniita": mwalimu ndiye aliyeita, basi hapo ni "who". "Mwalimu niliyemwita": ile "-mw-" inakuambia mwalimu kaitwa, hakuita, basi hapo ni "whom". Kirejeshi chetu "-ye-" hakibadiliki, lakini viambishi vilivyokizunguka vinasema yote. Na ukisikia "mwanafunzi ambaye baba yake", shika "whose" uende zako.

Akafika namba saba. "The dog ____ bit the thief ran away." Akaandika "who" papo hapo. Kisha akainua kalamu, akaniangalia.

"Mama, mbwa ni who au which?"

Nikanyamaza. Akadhani sijasikia, akauliza tena.

Mwaka 1997, kabla ya zile mvua za El Niño, kulikuwa na ukame. Nilikuwa kidato cha pili. Sisi tuliotoka shule za msingi za serikali tulikuwa tumesoma miaka saba yote kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza kikatupokea kwa Kiingereza, kuanzia hesabu mpaka jiografia. Kufika kidato cha pili ulikuwa umejifunza angalau kunakili bila kukosea. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe mmoja, wa kufungia bandani, kama nyumba nyingi za kwetu mlimani. Baba alimpata kwa ule mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba mwenye mimba, akizaa ndama jike wa kwanza, huyo unamtoa kwa jirani anayefuata kwenye orodha. Baba alisubiri miaka mitatu jina lake lifike. Huyo ng'ombe akija kwetu alikuta banda limesakafiwa kabla ya jiko la mama.

Alitoa lita sita kwa siku. Nyingine tulikunywa, nyingi tuliuza, na karo yangu ilitoka humo. Hilo nililijua kama nilivyojua jina langu, kwa sababu mama alikuwa akikamua alfajiri ananiambia, "Njoo umshukuru," nami naenda kumkuna kwenye shingo, pale chini ya taya, na yeye ananyoosha shingo juu akifumba macho.

Ukame ulimaliza majani ya shambani na tukabaki tunamkatia migomba. Migomba ni maji matupu, maziwa yakapungua. Basi Jumamosi tukawa tunashuka tambarare kutafuta majani, tunarudi na mizigo kichwani. Majani ya kule chini yana kupe. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusikia, lakini giza lilikuwa linaingia na mzigo ulikuwa umeshafungwa, sikuukung'uta. Kama wiki mbili hivi baadaye aliacha kula. Matezi ya chini ya masikio yakavimba yakawa kama ngumi, akaanza kuhema kwa shida, povu likamtoka puani. Bwana mifugo akasema ni ndigana kali, tena tumechelewa kumwita. Akampiga sindano hata hivyo. Jumapili mchana, tuliporudi kanisani, tulimkuta amelala upande, miguu imenyooka.

Sikumwambia mtu kuhusu ule mzigo. Leo ndiyo mara ya kwanza ninaandika.

Jumatatu asubuhi bwana mifugo akaja tena. Nyumbani tunaongea Kichaga, lakini yeye alikuwa mgeni pale, kwa hiyo mbele yake wote tulisema Kiswahili. Baba akamwambia, "Ng'ombe wetu amefariki." Amefariki, kama mtu. Bwana mifugo akaitikia pole, akachungulia bandani, akasema, "Mzoga ufukiwe leo hii, na uwekewe chokaa." Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya kukamulia, akageuka akaingia ndani. Nilidhani ni harufu.

Alhamisi tukapewa madaftari ya insha. Mada ilikuwa siku ambayo hatutaisahau, na mimi sikuhitaji kufikiri. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameshafundisha "relative pronouns" wiki iliyotangulia, na kanuni yake ilikuwa bado iko kwenye kona ya juu ya ubao, amechora mstari kuizunguka ili mtu asiifute: WHO: people. WHICH: animals and things. Akachukua daftari langu, akasoma sentensi ya kwanza kwa sauti.

"Our cow who died on Sunday gave us six litres of milk every day."

Akaliweka daftari chini. Akauliza, kwa Kiingereza vilevile, "Who is a cow?"

Darasa likacheka. Hata rafiki yangu wa dawati moja alicheka, na yeye Jumatatu alikuja kwetu kutoa pole. Siwalaumu. Swali lilikuwa limetengenezwa lichekwe, na mtoto wa kidato cha pili anayeelewa mzaha wa Kiingereza lazima acheke, ili mwalimu aone kwamba ameelewa.

Nikaitwa mbele. Nikaambiwa niandike sentensi yangu ubaoni kama ilivyo, kisha niirekebishe wenzangu wajifunze. Ubao wetu ulikuwa wa sementi, umepakwa unga wa betri kuukuu, na chaki haikuukamata vizuri, kwa hiyo ulilazimika kukandamiza. Nikaandika yote mpaka nukta. Kisha nikaifuta "who" kwa kiganja. Sikuifuta ikaisha. Ilibaki kama kivuli cha kijivu, inasomeka.

Nikaandika "w". Nikaandika "h". Hapo mkono ukasimama.

Sikuwa nimesahau herufi zinazofuata. Nilizijua, zilikuwa pale juu kwenye kona kwa herufi kubwa. Lakini maneno yale mawili yanatoka mahali pamoja, na mpaka kwenye "h" bado hujatamka lolote. Nilisimama pale na chaki imegusa ubao, nikawaza: nikipandisha mkono hivi niandike "o", ni yule aliyekuwa akinyoosha shingo nimkune. Nikiandika "i", ni kitu. Na nikasikia, kwa sauti ile ile ya bwana mifugo Jumatatu, ufukiwe. Ndipo nikajua kwa nini mama aligeuka pale mlangoni. Harufu haikuwapo, ilikuwa asubuhi bado. Alisikia "u-". Tangu ng'ombe yule aingie kwetu alikuwa "a-": amekula, amelala, ameamka vibaya leo. Ghafla mgeni kaja kamwita kwa "u-" kama mti, kama mlango, kama mkate.

Unga wa chaki ulikuwa unanidondokea kwenye kidole gumba. Nyuma yangu kicheko kilikuwa kimekwisha na watu wameanza kutulia, kwa namna darasa linavyotulia likianza kuhisi kwamba jambo limegeuka lakini halijui limegeukia wapi. Mwalimu akasema, "We are waiting." Hakusema kwa ukali. Naweza kuisikia hata sasa jinsi alivyoisema, taratibu, kama mtu anayedhani mwanafunzi wake anatafuta jibu.

Nikaandika "ich".

"Good," akasema. "Sit down."

Mengine yalipita upesi. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulipokuja, swali la virejeshi lilikuwamo na nililipata. Kidato cha nne pia. Jirani aliyepewa ndama wetu wa kwanza alituletea maziwa kila jioni, lita moja, miezi minane, hakukubali kulipwa. Baba hakuingia tena kwenye orodha.

Lakini jambo hili halikuniacha. Nilipojifunza sarufi ya Kiswahili kwa kina, baadaye kabisa, nikashangaa jinsi lugha yetu ilivyolishughulikia. Sisi tuna ngeli, na neno linatakiwa kufuata ngeli yake: kiti kilichovunjika, mti ulioanguka, nyumba iliyoungua. Lakini mnyama anavunja safu. Kifaru ana "ki-" kama kiti, wala hakuna asemaye kifaru kilichokufa. Ni kifaru aliyekufa. Kiboko, kipepeo, kuku, nyuki, wote wanavukishwa upande wa watu na kupewa "-ye-". Mtu akitaka kujua kwa nini niliandika "our cow who died", jibu ni hili. Sikuwa nimepuuza kanuni iliyo ubaoni. Nilikuwa natii kanuni nyingine, niliyoinyonya.

Na bado siwezi kusema kwamba sisi tuna huruma kuliko wao, ingawa kwa miaka kadhaa nilipenda kuamini hivyo. Sisi pia tuna mahali pa kuvukia. Ng'ombe aliyechinjwa, nyama iliyopikwa: katikati ya maneno hayo kuna kisu, na baada ya kisu hakuna "-ye-" tena. Mzoga ufukiwe. Mpaka upo, ila Kiingereza cha darasani kimeuweka kabla ya uhai na Kiswahili kimeuweka baada yake. Mimi nilikuwa nimevushwa mipaka yote miwili ndani ya wiki moja.

Kisha kuna siku, miaka mingi baadaye, nilikuwa kwenye ibada ya Kiingereza, na mzee mmoja akaongoza Sala ya Bwana kwa maneno ya Biblia yao ya mwaka 1611. "Our Father which art in heaven." Nilifumbua macho katikati ya sala. Which! Baba aliye mbinguni, ambaye kwetu ni "Baba yetu uliye mbinguni", kwa Kiingereza cha wakati ule aliitwa kwa neno lile lile nililoamriwa kumpa ng'ombe. Wala hawakuwa wanamshusha. Siku hizo "which" ilibeba watu na vitu pamoja, na baadaye ndipo watu wakahamia "who", na tafsiri mpya zikafuata. Nikagundua pia kwamba hata leo Waingereza wenyewe, mnyama akiwa wa nyumbani na ana jina lake, wengi wanamwandikia "who". Kanuni ya kwenye kona ya ubao ilikuwa kweli, lakini si kweli yote, na hakuna aliyewahi kunionyesha ile sehemu iliyobaki.

Je, mwalimu wangu alikosea? Nimejiuliza mara nyingi. Alinipa jibu ambalo mtihani ulilitaka, na bila mtihani ule nisingefika hapa nilipo, na binti yangu asingekuwa anasoma kwa Kiingereza tangu chekechea bila kuogopa kusimama mbele ya ubao. Kile kicheko tu ndicho ningependa kukitoa, kingine chote ningekiacha. Ila sina hakika kama kinatoka peke yake.

"Mama!"

Nikamwambia aandike "which". Nikamweleza kwamba kitabu chake kinataka hivyo, kwamba wangeweka na "that" tungepona maana hiyo haiulizi kama ni mtu au si mtu, kwamba nje ya kitabu ataona watu wakimwandikia mbwa wao "who" na asishangae. Akafuta. Karatasi ilikuwa nyembamba, "who" ikabaki inaonekana chini ya neno jipya. Nikaiangalia muda mrefu kidogo kuliko ilivyostahili, naye akaliona hilo, huyu mtoto haachi kitu. Basi nikamsimulia. Banda, migomba, tambarare, mzigo. Hata mzigo nilimsimulia.

Alisikiliza mpaka mwisho, kidevu juu ya ngumi. Namba nane, tisa na kumi zilikuwa zinasubiri.

"Aliitwa nani?" akauliza.

"Subira," nikasema.