Mafindofindo: kwa nini niliacha leza nikachagua kisu

Mwaka jana mafindofindo yalinilaza mara saba. Nauza mitumba Busia, upande wa Uganda, na biashara hiyo ni ya mdomo: usipoita wateja, huuzi. Shangazi alitaka nipelekwe kukatwa kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwa wembe. Nilimkatalia kwa heshima. Kimio si findo, na wembe ule nimeona ulivyomfanya mtoto wa jirani.

Daktari wa koo kule Kampala alisema mara saba kwa mwaka zinatosha kuyaondoa. Mimi nilikwenda nimeshaamua: leza, ule mwale wa mwanga unaokata. Nilikuwa nimesikia haitoi damu wala haiumi. Akanieleza bila haraka. Leza hukata huku ikichoma, mishipa midogo hujifunga hapohapo, kwa hiyo damu kwenye meza ya upasuaji ni kidogo kweli. Lakini joto lilelile huunguza nyama iliyo kando, na kidonda cha kuungua hukawia kupona. Wengi huja kuumia zaidi siku za baadaye. Kwa kisu na mkasi damu ni nyingi zaidi wakati wa kazi, ila koo mara nyingi hutulia mapema. Usingizi wa dawa ni uleule kwa njia zote mbili. Leza pia ilikuwa ghali kwangu.

Nilichagua kisu, na sijuti.

Usidhani sikuumia. Siku ya tano masikio yaliniuma nikalia, kumbe neva moja inahudumia koo na sikio. Pale mafindo yalipokuwa pakawa na utando mweupe. Mume wangu akadhani ni usaha, akaambiwa ndivyo kidonda cha koo kinavyopona. Nilimeza parasetamoli kwa saa nilizopangiwa, hata usiku, na nusu saa kabla ya kula, ndipo matoke yaliyopondwa yalipita. Maziwa baridi yalinisaidia kuliko chochote. Aspirini nilikatazwa kabisa, kwa sababu ya damu.

Jambo lililoniokoa ni kutokurudi Busia mapema. Daktari alionya kwamba utando hubanduka kati ya siku ya 5 na ya 10, na damu inaweza kurudi, ukatwe kwa leza au kwa kisu. Nikabaki kwa dada Kampala. Usiku wa siku ya nane nikatema damu nyekundu mbichi. Tulifika hospitali upesi, nikalazwa hadi asubuhi, ikakoma yenyewe. Busia ni karibu kilomita 200 kutoka pale.

Wiki ya tatu nilikuwa kibandani, naita wateja.