Jiwe Lililozeeka Kotekote Sawa

Jirani anapiga lipu ukuta wake tangu asubuhi, na harufu ya saruji mbichi imeingia mpaka chumba ninachoandikia. Leo nilikusudia kuandika jambo jingine kabisa. Harufu hiyo imenikatalia. Imenirudisha kilimani, siku ile nilipokwenda na Mjomba kulikagua jiwe langu.

Mjomba mnamfahamu. Amekuwa mwashi wa mawe tangu ujana mpaka macho yalipomwishia. Na jiwe lenyewe ni la uongo, kasha nililolificha kwa ajili ya geocaching, mchezo wa kusaka vitu vilivyofichwa kwa kufuata GPS, mawimbi ya satelaiti yanayoonyesha mahali ulipo. Wengine wenu mmelitafuta, baadhi mmelipata, na wapo walioniandikia kwa uchungu kwamba wamezunguka jua likawazamia wakarudi mikono mitupu. Taarifa hizo za kukosa nilikuwa nazisoma kwa furaha, niseme kweli. Anayeficha kasha anataka lipatikane, ila anataka pia lipatikane kwa jasho.

Nililitengeneza kwa mikono yangu. Ndani kabisa ni kopo la plastiki la mdomo mpana, lenye mfuniko wa kukaza kwa kuzungusha. Nililizungushia wavu wa waya, nikaukunja na kuubonyeza mpaka ukapata mabonde na vinundu. Kati ya wavu na kopo nikajaza povu, lile mafundi wanalopuliza kuziba mianya pembeni mwa fremu za madirisha. Juu yake saruji na mchanga, mkono wa kwanza mzito, wa pili mwembamba. Kabla ya ule wa pili kukauka nikaukandamizia mfuko wa plastiki uliokunjamana ili uso usiwe laini, kisha nikaunyunyizia vumbi la mawe nililolikusanya palepale nilipopanga kulificha. Hilo vumbi ndilo lililobeba kazi yote. Rangi ya dukani humdanganya aliye mbali tu. Vumbi la mahali penyewe lina rangi zote za mahali hapo, na mvua ikinyesha huiva kwa rangi ile ile ya mawe ya jirani. Nililifunika kwa gunia bichi nikawa nalimwagilia kila siku, maana saruji inayokauka kwa haraka hupasuka. Mdomo wa kopo nikauelekeza chini, maji yasipate pa kutuama. Ndani nikaweka daftari dogo la kutia saini, limefungwa kwenye mfuko usiopenya maji, na vitu vidogo vya kubadilishana.

Lilipendeza. Hata mimi, nikisimama hatua chache kutoka lilipo, ilibidi nilitafute kwa macho.

Mvua za msimu zilipokwisha nikataka kwenda kuona kama daftari limesalimika. Mjomba alikuwa kwetu wiki ile. Nilipomwamkia asubuhi na kumwambia ninakokwenda, aliuliza kama njia ni ya kupanda sana. Nikamwambia ni ya kupanda kiasi. Akachukua fimbo yake.

Njiani aliuliza maswali mengi kuhusu mchezo wenyewe. Nikamweleza kwamba mpaka Mei 2000 mawimbi ya GPS waliyopewa raia yalikuwa yamevurugwa makusudi na serikali ya Marekani, kipokezi kikaweza kukukosesha mahali kwa kiasi cha mita 100. Uvurugaji ule ulipozimwa, watu walijikuta ghafla wana kifaa cha kuwafikisha karibu kabisa na kitu. Tarehe 3 ya mwezi huo huo Dave Ulmer akaweka ndoo nyeusi ya plastiki porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza koodineti zake kwenye intaneti ili atakaye aitafute. Ndani mliwekwa vitu vya aina aina, ikiwemo kopo la maharage.

"Aliifukia?" Mjomba akauliza.

Nikamwambia aliifukia nusu, lakini baadaye kanuni zikawekwa: ardhi haichimbwi bila idhini ya mwenye eneo, na makasha mawili hayakai karibu chini ya mita 161. Kwa hiyo kwa vile kufukia ni shida, watu wakajifunza kuficha kitu mbele ya macho. Wapo wanaotoboa magogo, wapo wanaotengeneza boliti za uongo, na wapo sisi wa mawe.

"Mnatengeneza mawe," akasema, akanyamaza kwa mwendo mrefu. Sikujua kama amefurahi au amechukia. Maisha yake yote alikuwa akichonga mawe yaliyokwishatengenezwa.

Tulipofika juu nilimwona anapunguza mwendo kabla sijamwambia kwamba tumekaribia. Akagusa jiwe moja kwa ncha ya fimbo, likacheza. Akagusa la pili, nalo likacheza.

"Mawe haya yanayumba," akasema. "Nani ameyaamsha?"

Hapo ndipo nilipopaona mahali pale kwa ukamilifu. Mawe mengi yalikuwa yamegeuzwa. Yale madoa ya kijivu na kijani yanayoota juu ya mawe, ambayo huongezeka kwa milimita chache tu kwa mwaka au chini ya hapo, yalikuwa yameangalia ardhini, na matumbo ya mawe, meupe, yenye udongo mkavu uliogandamana, yalikuwa yameangalia jua. Kando ya kila jiwe palikuwa na kishimo chake kitupu. Kwenye kimoja sisimizi walikuwa bado wanahamisha mayai.

Hesabu yake haina ugumu. Simu ikiwa uwanda wa wazi hukufikisha ndani ya mita 5 hivi za mahali unapotafuta, na karibu na majabali, ambako mawimbi hugonga na kurudi, inaweza kupotea zaidi. Duara la mita 5 kila upande lina karibu mita za mraba 79. Zijaze mita hizo kwa mawe, kisha mwambie mtu kwamba moja kati ya hayo ni la uongo. Atafanya nini? Atayageuza. Na kadiri jiwe la uongo linavyofanana na ya kweli, ndivyo atakavyogeuza mengi zaidi.

Nilimweleza Mjomba ninachokiona. Hakulaumu. Aliuliza tu: "Na la kwako liko wapi?" Nilipoanza kumshika mkono nimpeleke, akauondoa mkono wake polepole.

"Niache nilitafute."

Alisimama, akainamisha kichwa upande, akaanza kugonga. Hakugonga kwa nguvu. Fimbo ilikuwa inadondoka kwa uzito wake wenyewe juu ya jiwe, inaruka kidogo, inahamia jingine. Mawe ya kweli yalijibu kwa mlio mkavu, mfupi, kila moja kwa sauti yake: yaliyokaa vizuri kwenye udongo yalitoa sauti nzito, yaliyoamshwa yalitoa sauti ya juu zaidi. Nilikuwa sijawahi kuyasikia hivyo. Alikwenda hatua, akasimama, akarudi nusu hatua. Fimbo ikaangukia jiwe langu, ikatoa mlio wa kiziwi, mlio usioendelea popote.

Hakusema kitu. Alipiga magoti. Aliweka kiganja kizima juu yake, akakituliza hapo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha kiganja cha pili akakiweka juu ya jiwe la jirani, akabaki hivyo, mkono huku na mkono huku, uso wake umeelekea mbele.

"Hili la kulia linanywa joto la mkono," akasema. "Lako linaonja kidogo halafu linashiba."

Ni kweli tupu. Jiwe la kweli huvuta joto la mkono na kulipeleka mpaka kiini chake, ndiyo maana hubaki la baridi. Jiwe langu lilikuwa na ganda jembamba la saruji, na nyuma ya ganda lilikuwa povu, ambalo halipitishi joto karibu kabisa. Ganda likishapata joto la kiganja, hakuna pa kulipeleka.

Lakini hakuwa amemaliza. Alianza kulipapasa kwa ncha za vidole, juu, ubavuni, nyuma, akaingiza kidole chini pale linapokutana na udongo. Alikuwa na uso ule aliokuwa nao zamani akikagua kazi ya mwanafunzi wake kwa timazi, uso usio na ukali wala huruma. Nilikuwa nimesimama juu yake nangoja hukumu.

"Umefanya kazi nzuri," akasema. "Ila jiwe lina mlalo wake, jinsi tabaka zake zilivyolala, mpwa wangu. Ukitaka kulipasua lazima kwanza uujue, la sivyo patasi itakurudi. Hili halina mlalo. Tena tazama huku," akaushika mkono wangu, akauweka ubavuni mwa lile jiwe la jirani, "huku linapigwa na mvua, limekwaruka. Huku limejificha, ni laini. Lako limezeeka kotekote sawa. Hakuna kitu kinachozeeka hivyo."

Nimelisikia neno hilo mara nyingi sana baada ya siku ile, nikiwa peke yangu.

Daftari lilikuwa kavu. Nalitaja kwa kuwa ndilo lililotupeleka. Nililifungua, nikahakikisha, nikamsomea baadhi ya majina ya kimchezo yaliyokuwamo, akacheka kidogo, nikalirudisha. Basi.

Nilidhani tutaanza kushuka. Mjomba alibaki magotini. Alitambaa mpaka kwenye jiwe la kwanza lililogeuzwa, akaligeuza mkononi akilisoma kwa vidole, akatafuta kishimo chake kwa mkono mwingine, akakipapasa kingo zake. Akalizungusha jiwe kidogo, akalishusha. Likaingia. Nililisikia likiingia, kile kishindo kidogo cha kitu kilichofika mahali pake. Akahamia la pili. Hili alilijaribu kwenye kishimo kimoja likagoma, akalipeleka kwenye kingine, likakaa. Mimi mwenye macho nilijaribu kumsaidia na nikawa namchelewesha. Kila jiwe lilinionyesha pande nne tano zinazoweza kuwa za chini. Yeye aliujua upande wa chini kwa ubichi wake na kwa chembe za udongo zilizoshikilia, na aliujua mwelekeo wake kwa ule ubavu uliokwaruka, akiulinganisha na mawe ambayo hayakuguswa. Alipofika kwenye lile la sisimizi aliwasikia wanampanda mkononi. Akangoja washuke, kisha akaliweka jiwe polepole sana, upande mmoja kwanza, ili wapate nafasi ya kujipanga.

Tulikaa pale mpaka kivuli kikatufikia. Hakuyamaliza yote. Hakuna ambaye angeweza kuyamaliza yote.

Baada ya safari ile nilibadilisha maelezo ya kasha. Dokezo kwenye ukurasa wa mchezo huandikwa kwa fumbo, kila herufi ikisogezwa nafasi 13, ili asiyetaka msaada asilisome kwa bahati mbaya. La kwangu lilikuwa neno moja la kuzungushazungusha. Nikaandika jipya: usigeuze jiwe lolote, gonga kwa fimbo usikilize. Kisha nikaona kwamba wengi hawafungui dokezo mpaka wameshachoka, na wakati huo mawe yameshageuzwa. Nikaihamishia sentensi hiyo juu kabisa, wazi, bila fumbo, nikashusha na nyota zinazoonyesha ugumu wa kulipata kasha. Taarifa za kukosa zikapungua. Wapo walioandika kwamba mchezo umeharibika. Wapo pia walioandika kwamba walikaa kimya kilimani wakigonga na kusikiliza, na kwamba hawakuwahi kutafuta kasha kwa namna ile. Bado mawe machache hugeuzwa, kila msimu, na bado napanda kuyarudisha, ingawa mengine nadhani nayakosesha mlalo wake.

Rafiki yangu mmoja wa mchezo huu ananiambia dawa ni kulihamisha: jiwe la uongo liwekwe mahali penye mawe matatu manne tu, ili anayetafuta asiwe na mengi ya kuvuruga. Kuna akili katika hilo, na hata kanuni ya kujificha haivunjiki, maana watu wengi hupita karibu na jiwe moja bila kulitazama kuliko wanavyopita karibu na mia.

Mjomba anapinga. Anataka lile langu liondolewe kabisa na badala yake tuchukue jiwe la kweli la palepale, lililokaa kwenye kishimo chake, tulitoboe tumboni kwa keekee yenye ncha ya almasi huku tukilimwagia maji lisichemke, tuingize kichupa chembamba, turudishe jiwe kama lilivyokuwa. Ameshaniambia hata upande wa kutobolea, kufuata mlalo. Namwambia jiwe hilo halitatoa mlio wowote wa ajabu kwa fimbo ya mtu mwingine, litanywa joto sawasawa na wenzake, na watafutaji watageuza kilima kizima. Ananijibu kwamba yeye atalisikia. Namwambia wao si yeye. Anasema basi wafundishwe.

Hatujaafikiana mpaka leo. Keekee ameshaiazima.