Kompoziti za themoplastiki: ulipoozaje hiyo kitu?

Mtu akiniuliza hii kompoziti (plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi, yaani faiba; themoplastiki ni ile inayoyeyuka kwa joto na kuganda ikipoa) ina nguvu kiasi gani huwa namrudishia swali, ulipoozaje? Maana karatasi ya vipimo inakupa jina la plastiki na asilimia ya faiba basi, mengine yote yanaamuliwa kwenye mashine.

Chukua PEEK, aina ya themoplastiki inayostahimili joto kali, yenye faiba za kaboni. Inayeyuka kwenye digrii 343 hivi, inachakatwa karibu 380 hadi 400, halafu ikianza kupoa ndo kazi yenyewe: ukiipooza taratibu molekuli zinapata muda wa kujipanga kuwa fuwele, unapata kitu kikakamavu kinachostahimili kemikali, ila ufa ukishaanza unatembea kirahisi, na ukiipooza ghafla fuwele zinakuwa chache, inavumilia ufa vizuri zaidi lakini ukakamavu unapungua. Sasa mtu akikwambia fuwele nyingi ndo ubora muulize ubora wa nini. Na kipande kikiwa kinene nje kinapoa kabla ya ndani, kinabaki na mvutano ndani kwa ndani, ukikitoa kwenye moldi (kalibu) unakuta kimepinda.

Halafu kuna presha. Epoksi mbichi, ile plastiki ya maji maji inayogandishwa kwa kemikali, inapenya kwenye faiba bila shida, themoplastiki iliyoyeyuka ni nzito kutiririka mara mamia na zaidi, usipoikandamiza vya kutosha viputo vinabaki. Ubaya ni kwamba ukijaribu kwa kuvuta kufuata faiba unaweza usione kitu kabisa, faiba ndo zimebeba mzigo, jaribu kukandamiza au kuteleza tabaka juu ya tabaka ndo utaona aibu! Na usiachie presha plastiki ikiwa bado imeyeyuka, tabaka zinafumuka upya.

Kwenye kudunga, yaani kuyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya moldi kwa skrubu, ni balaa lingine, chembe za plastiki zinaingia na faiba za milimita 10, skrubu inazikatakata, nyingi zinatoka chini ya milimita 1. Zilizobaki, karibu na ukuta wa moldi zinalala kufuata mtiririko, katikati zinakatiza, na pale mitiririko miwili inapokutana faiba hazivuki kwenda upande wa pili, kwahiyo geti la kuingizia plastiki lisikae mahali ambapo maungio yataangukia penye mzigo.

Nailoni kausheni kwanza jamani, unyevu kwenye joto lile unakata minyororo ya molekuli.

PEEK iliyopoozwa haraka unaweza kuipasha tena juu ya digrii 143 fuwele zikaongezeka, ila ibane isije ikapinda.