Nilivyoongeza Maji Matamu kutoka Kisima cha Chumvi Bagamoyo

Nyumba ya wageni ninayoihudumia kama fundi wa maji mjini Bagamoyo hutegemea kisima chenye chumvi ya takriban miligramu 3,000 kwa lita, na maji yake huchujwa kwa mtambo wa osmosisi kinyume, unaoyasukuma kwa presha kupitia tando nyembamba zinazozuia chumvi. Hapo awali nusu tu ya maji yaliyoingia mtamboni ndiyo iliyotoka ikiwa matamu. Nusu nyingine, yaani masalio, ilimwagwa ikiwa na chumvi maradufu. Jambo hilo liliniuma sana, kwani kisima cha pwani kikivutwa kupita kiasi hukaribisha maji ya bahari chini kwa chini, na chumvi ikishaingia huchukua miaka mingi kutoka.

Msimamizi aliniuliza, "Fundi, kwa nini usiibane tu hiyo vali ya masalio?"

"Tukiibana kabla ya kuyajua maji yenyewe, mzee, tutaziua tando," nilimjibu.

Ukivuna nusu ya maji yakiwa matamu, chumvi katika masalio huzidi mara mbili. Ukivuna asilimia 75, mara nne. Asilimia 90, mara kumi. Inayoshindwa kuendelea kuyeyuka huganda juu ya utando, na vali ikibanwa mkondo wa kuisukuma nao hupungua.

Kwa hiyo nilianzia kwenye gamba jeupe lililoshika ndani ya bomba la masalio. Nililikwangua kwa kisu, nikalikamulia ndimu, likachemka povu papo hapo. Hiyo ni dalili ya kalsiamu kabonati, yaani chokaa, ambayo ni ya kawaida katika ardhi ya matumbawe. Lingekuwa salfeti ya kalsiamu lisingetoa povu, na tindikali isingefaa kitu. Vipimo vya maabara vilithibitisha hivyo, tena vikaonyesha kwamba silika, yaani madini ya mchanga, ilikuwa kidogo, habari iliyonifurahisha kuliko zote, maana gamba la silika ni gumu mno kuondoa.

Tulifunga pampu ndogo ya kudondoshea dawa ya kuzuia magamba, tukashusha pH (kipimo cha uchachu wa maji; ikishuka, uchachu huongezeka) kidogo kwa tindikali, kisha masalio ya mitungi miwili ya kwanza yenye tando tukayaelekeza katika mtungi mmoja wa hatua ya pili, ili maji yaliyopungua yaendelee kwenda kwa kasi. Katikati tuliweka pampu ya kuongeza presha, kwa kuwa kila miligramu 1,000 za chumvi kwa lita hudai presha ya takriban baa 0.7 hadi 0.8 kabla ya tone lolote kupenya, na masalio ya mwisho sasa hukaribia miligramu 10,000.

Tulipanda polepole hadi asilimia 70. Lita 1,000 za maji matamu, zilizokuwa zikihitaji lita 2,000 za kisima, sasa zinahitaji kama 1,430. Kiangazi, kisima kinapokolea chumvi, mimi hufungua vali kidogo na kukubali kuvuna pungufu mpaka mvua za masika zirudi.